Jani la Isale Nililompa Kaka

Manka sasa hivi amechukua muhuri wa wakili mezani, akafunua gauni, akajigonga nao tumboni. Mara tatu. Halafu akatulia kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku. Nilipomnyang'anya aliwahi kuugonga hapa kwenye karatasi, ndiyo maana unaona duara la bluu pembeni. Usishtuke, Mama. Najua ukiona muhuri moyo unakwenda mbio. Hii siyo karatasi ya mahakama. Ni mimi Felista wako, na mjukuu wako mwenye tumbo la bluu.

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo Mama. Salamu zimekuja nyuma ya mtoto, utanisamehe, huku kila kitu kinakuja nyuma ya mtoto. Mguu unaendeleaje? Ulishuka hospitali ya Mawenzi kupima presha kama ulivyoniahidi, au uliishia sokoni kununua dagaa ukarudi? Yule ndama amesimama? Na migomba ya upande wa juu iliyoangushwa na upepo, mmeikatia ng'ombe au bado imelala? Sisi tu wazima. Hapa Ahmedabad joto linapungua. Manka anakula vizuri, ila nyumba hii nyama hailiwi kabisa, kwa hiyo mtori ninaompikia hauna mfupa. Ungeuonja ungeuliza umetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa gani.

Naandika kwa mkono kwa sababu ya simu. Kila nikikupigia anapokea kaka Prosper, anaiweka sauti kubwa, na mimi na wewe tunaishia kuulizana habari za mvua. Mpwa wake Bibi ninayemtunza hapa anaondoka kesho kuja Moshi, kwenye duka la ndugu zao pale mjini. Nitampa bahasha, ataiacha dukani, uichukue siku ya soko. Soma mwenyewe, polepole, miwani unayo. Usimpe mtu akusomee.

Jambo lenyewe ni kile kipande cha chini cha shamba, kando ya mfongo wa maji. Wiki mbili zilizopita kaka alinipigia. Akasema ukoo unakutana Desemba, watu wa mijini wakishapanda kuja mlimani, na kikao kitafunga habari ya kihamba cha Baba na migomba yake yote. Kile kipande kinarudi kwake. Nikamwambia, "Kaka, Baba alinionyesha pale kwa mkono wake, na yale masale ya mpakani nilimshikia mimi akipanda."

"Baba hayupo," akasema. "Na wewe mwenyewe ulikata isale la mpaka ukaniletea mkononi. Mwenye haki anaomba msamaha?"

Naye akaendelea palepale.

"Au huko India ulienda kusomea uwakili? Si ulienda kuogesha bibi?"

"Kuogesha bibi, kaka."

Akacheka, mimi pia nikacheka kidogo, tukaagana vizuri. Simchukii. Ana wavulana wanne na kihamba hakiongezeki, na yeye ndiye anayekukatia majani ya ng'ombe. Lakini Manka hana baba wa kumwonyesha ardhi, na mimi nilikwisha kuiona nyumba pale. Vyumba viwili, na mlango unaotazama mfongo. Ndiyo kazi yangu ya huku, Mama, naogesha bibi wa watu ili nije kujenga pale.

Sasa kwa kuwa kaka amenitania habari ya uwakili, nikueleze nyumba hii ilivyo, kwa sababu kwenye simu sikuwahi kupata nafasi. Bibi alizaliwa Moshi mjini, juu ya duka la vitambaa la baba yake, akaondoka akiwa msichana. Umri umemlemea. Akichoka, Kigujarati kinamtoka, kinabaki Kiswahili cha utotoni, na nyumba nzima hakuna anayemwelewa isipokuwa mimi. Kila akiamka, kabla hajafungua macho vizuri, anauliza kama aliyeamkia Moshi, "Mlima umetoka?" Naenda barazani, ghorofa ya tatu, naangalia. Naona matangi ya maji na njiwa. Narudi namwambia, "Bado, Bibi." Anasema, "Mawingu," halafu anakubali kumeza dawa. Mkwewe aliniambia nimdanganye tu, niseme umetoka, mtu mzima afurahi. Nilishindwa. Siku atakayosema nimsogezee kiti auone, nitamwonyesha nini?

Mwanawe ni wakili. Tunamwita Bhai, maana yake kaka. Nchi hii ni kubwa mno, majimbo yana mahakama kuu zake, na hukumu zinatoka kila siku kama mikate. Kazi yake mojawapo ni kuzisoma na kuziandika kwa kifupi kwenye jarida la mawakili, za jinai, za madai na za kodi. Saa kumi, chai ikishaiva, anamsomea mama yake, kwa sababu marehemu mzee naye alikuwa wakili na Bibi alizoea kusikia kesi na chai. Sasa Bibi akishasikia ananigeuzia kwa Kiswahili, lakini mwisho anauficha. Anataka mimi nihukumu kwanza. Ananiita hakimu wa Moshi. Mtu wa kidato cha pili nisiyemaliza!

Kuna ile ya majirani wawili wa ghorofa. Wa juu alikuwa akimwagilia maua, maji yanamchuruzikia wa chini kwenye nguo alizoanika. Siku moja wakashikana, jino likatoka. Polisi, mahakama, miaka ikapita. Katikati ya miaka hiyo wake zao wakaanza kupelekeana mboga, na wao mwishowe wakapatana. Wakaenda pamoja mahakama kuu kuomba kesi ifutwe.

"Hakimu wa Moshi, unasemaje?"

"Nani alimwendea mwenzake kwanza?" nikauliza.

Bibi akasemezana na mwanawe. "Haikuandikwa."

"Basi wameandika nusu. Na alikwenda na nini mkononi?"

"Aende na nini? Jino?"

Ndipo nikawaeleza habari ya isale. Kwamba sisi mlimani mtu akikosa anakata jani la isale, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea, na yule hawezi kulikataa, hata angekuwa amevimba namna gani. Bibi akafunga macho akasema analikumbuka, kuna mama alikuja dukani kwao nalo, baba yake akalitupa akidhani ni majani ya mbuzi, mtaa mzima ukamshangaa. Bhai akaandika neno isale kwenye daftari lake.

Mahakama ilifuta ile kesi. Bhai alieleza kwamba ugomvi wa majirani unaweza kufutwa wakipatana, lakini mauaji na mambo mazito kama hayo hayafutwi hata familia zikumbatiane. Na wale wawili wakaamriwa wapande miti. Nikasema sisi tungewapandisha masale, wawe na ya kutosha kwa ugomvi ujao. Bhai alicheka mpaka chai ikamwagikia karatasi za mteja.

Ya kodi ndiyo iliyonichekesha zaidi, mwanzoni. Ofisi ya kodi ilimwandikia mfanyabiashara mmoja ajieleze. Hakujibu. Ikamwandikia tena, kimya. Ikaamua kwamba kwa kuwa amenyamaza, amekubali, ikampandishia kodi. Kumbe mtu alikwisha kufa, na mjane alikwisha kupeleka taarifa.

"Hakimu?"

"Bibi, hata wazee wetu waliongea na waliokufa. Waliwamwagia pombe ya mbege, wakawapa habari za nyumbani. Lakini sijasikia mtu akimlaumu marehemu kwamba hana adabu, hajajibu."

Mahakama nayo ilisema hivyo kwa maneno yake. Barua kwa marehemu si barua. Kama ofisi ina neno, iwaite warithi kwa majina yao, iwasikilize. Wenzangu walicheka, mimi nikaondoka na vikombe. Nilikuwa nawaza kwamba Baba naye hawezi kujibu. Kaka anaposema Baba hakuwahi kunipa, Baba ananyamaza, na ule ukimya kikao kitauandika kuwa ni ndiyo.

Ya tatu ilisomwa juzi. Huku wana sikukuu ambayo dada anamfunga kaka uzi mkononi, na kaka anampa dada zawadi. Mwanamke mmoja alikwenda kuwafunga kaka zake uzi. Wakala vizuri. Baada ya chakula wakamletea karatasi, wakamwambia ni ya kubadilisha jina kwenye umeme wa nyumba ya baba yao. Akatia sahihi. Kumbe karatasi inasema ameacha fungu lake lote la mali ya baba. Miaka imepita ndipo anaambiwa toka.

Bibi akaniangalia. "Unasemaje?"

"Alikwenda kufunga uzi," nikasema. "Uzi umegeukaje shamba?"

"Lakini sahihi ni yake."

"Sahihi ni yake, Bibi. Ila aliitia kwa ajili ya umeme."

Bhai alipotafsiriwa akagonga meza kwa kidole. Jaji alisema karibu vilevile. Kwanza karatasi ya namna ile ilitakiwa kuandikishwa serikalini, na haikuandikishwa. Pili, aliyetia sahihi hakuambiwa anatoa nini. Na kwa sheria yao ya Wahindu, mtoto wa kike ana fungu sawa na wa kiume katika mali ya ukoo tangu anapozaliwa. Nikalirudia moyoni, tangu anapozaliwa. Manka alikuwa chini ya meza anakula biskuti.

Hapo ndipo nikasema, "Bibi, na mimi nina kesi. Ya mwanamke mmoja wa Moshi."

"Sema."

Nikaisema taratibu, Bibi akimgeuzia mwanawe. Kwamba siku ya kuondoa matanga ya baba yao, mwanamke yule alimwambia kaka yake mbele za watu kuwa anameza ardhi kabla kaburi halijakauka. Kwamba alipokaribia kusafiri, mama yake alimwambia, "Usipande ndege na kinyongo." Mvua ilikuwa inanyesha. Akatoka akakata isale la karibu, na la karibu lilikuwa lile la pembe ya kipande alichoonyeshwa na baba yake. Akalifunga fundo, akampelekea kaka yake bandani kwa ng'ombe. Kaka akalipokea, wakakumbatiana. Sasa kaka anawaambia watu kwamba dada aling'oa mpaka wake mwenyewe akampa.

Bibi akajipiga paja. "Mjinga mwanamke yule! Masale yamejaa mlima mzima, akakate la mpaka?"

"Mvua, Bibi."

"Mvua! Angelowa!"

Bhai hakucheka. Akavua miwani, akauliza kupitia kwa mama yake. "Alipotoa lile jani alisema nini?"

Nikafungua mdomo, akaninyoshea mkono. "Yeye asituambie. Atasema linalomfaa. Nani mwingine alisikia?"

"Mama yake. Alikuwa anakamua."

"Na mama atasema?"

"Mama yake hapendi kusimama kati ya watoto wake."

Akaivaa tena miwani. Akasema yeye hajui sheria ya Tanzania wala desturi ya mlimani, na hukumu za huku hazina nguvu huko, nisije nikaandika nyumbani kwamba mahakama ya India imenipa shamba. Ndiyo Mama, aliniambia mimi, akasahau kwamba ni kesi ya mwanamke mwingine. Lakini akasema mtu yeyote anayeamua jambo, awe jaji awe mzee wa ukoo, atataka kujua kitu kimoja: jani lilitolewa kwa ajili ya maneno yale makali, au kwa ajili ya ardhi. Na jani lenyewe haliwezi kusema.

"Huyo mwanamke ana mtoto?" Bibi akauliza.

"Anaye."

Bibi akatazama chini ya meza. Akamsogezea Manka biskuti nyingine.

Kwa hiyo Mama, kesi yangu umeikalia wewe, kwenye kile kigoda chako cha kukamulia. Sikuombi ugombane na kaka. Najua ninachokuomba ni kizito. Mimi niko mbali, nikipata au nikikosa nitasikia nikiwa huku. Wewe kikao kikiisha utarudi kuketi naye jikoni, na wifi atakupakulia, na kama wamenuna utanuniwa wewe. Hilo nimelifikiria siku zote hizi mbili, na ndiyo maana barua imechelewa mpaka mtu anafunga mizigo.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia maneno niliyomwambia kaka bandani. Nikamwonyesha Bhai, Bibi akamweleza kwamba nakukumbusha, yeye akatikisa kichwa. Alisema shahidi aliyefundishwa anajulikana, anasema vizuri kupita kiasi. Nikauchana ule ukurasa, na Manka, aliyeuiba tena muhuri, anaugongea sasa hivi pale chini. Na kusema kweli, nilikuwa nalia siku ile, kila neno silikumbuki. Nakumbuka harufu ya maziwa na maji ya mvua yakinitiririka shingoni. Wewe hukuwa unalia. Ulikuwa unakamua, na ukikamua huwa unasikia kila kitu mpaka kuku.

Tena nina matumaini, usidhani nimekaa kinyonge. Nimefika mahali pa kujua kwamba watu wenye suti na vitabu vizito huuliza maswali yale yale unayouliza wewe mtu akigombana na jirani kisimani. Ulisemaje? Nani alikuwepo? Nilidhani sheria ni kitu kingine kabisa. Manka akikua nataka asome mpaka aandike zile karatasi, asije akagongewa tu muhuri na wengine. Ingawa kwa leo amejigongea mwenyewe.

Naweka salamu hapa kabla sijaitwa, maana Bibi usingizi wake wa mchana ni mfupi. Msalimie sana kaka Prosper, mwambie simu yake niliipokea kwa moyo mweupe na ile suruali ya kazi aliyoniagiza ataletewa na mpwa wa Bibi, iko kwenye mfuko wa karatasi. Msalimie wifi yangu, mkewe, na wale wavulana wote wanne, mdogo asisahau kuwa shangazi yake anamdai wimbo. Msalimie mama mdogo wa Rau, ukishuka kwake mwambie kitenge alichonifungashia ndicho ninachombebea Manka mpaka leo. Mjomba wa Chekereni, heri na mpunga. Na yule mzee atakayeongoza kikao, babu mkubwa wa ukoo, mfikishie shikamoo yangu peke yake, bila neno lingine lolote juu yake, asije akadhani namsogelea.

Bibi ameamka, nasikia anagonga ukingo wa kitanda. Akiamka mchana anadhani ni asubuhi. "Felista! Mlima umetoka?" Nimemjibu naangalia, Bibi.

Mama, namalizia hili moja. Siku ya kikao sema ulichosikia. Usiongeze kwa ajili yangu wala usipunguze kwa ajili ya kaka. Kama ulinisikia nikisema nisamehe kwa yale maneno yangu, sema hivyo. Kama ulinisikia nikisema achukue vyote ilimradi tupatane, sema hivyo hivyo, nitakubali, nitaanza kutafuta pengine na sitakulaumu hata siku moja. Ameita tena, sasa anamwita Manka. Nikirudi nitafikia kwako kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, nikuletee na wewe isale, la kukuomba radhi kwa kukuweka katikati ya watoto wako, na safari hii hata mvua inyeshe namna gani nitakwenda kulikata mbali na mpaka wa mtu yeyote.